Kopo la Udongo Getini

Jua lilipoanza kuzama, Karani alinyanyuka.

Mchana kutwa mbwa huyo alikuwa amelala chini ya banda la mbao, kidevu juu ya miguu ya mbele, akiwaachia wenzake wagombanie mfupa. Sasa alijinyoosha, akatembea taratibu mpaka katikati ya uwanja, akasimama akilitazama geti. Masikio yakasimama. Halafu mkia ukaanza kucheza, kwanza kidogo, kisha kwa furaha yote ya mnyama anayemwona mtu wake akirudi kutoka kazini.

Getini hapakuwa na mtu.

Naima aliutazama mkia ule, na mwili ukamsisimka kama ulivyomsisimka Jumamosi iliyopita na Jumamosi zote kabla ya hiyo. Akajivutia mtandio mabegani. Baridi ya Mbalizi mwezi wa saba haina adabu, lakini iliyompata yeye haikutoka hewani.

"Amekuja," alisema.

"Nani?" aliuliza Bujiku, ingawa alijua.

"Saa kama hizi ndiyo alikuwa anafunga stoo. Anavuta ule mlango wa bati, anapiga mluzi, Karani anatangulia. Mimi kule nyumbani nikiusikia mluzi nabandika chai."

Bujiku alikuwa amechutama akimpaka dawa paka mwenye kidonda shingoni. Mwanamume akishindana na mwanamume mwenzake, anajua pa kumshikia. Lakini utashindana vipi na mtu ambaye yuko kaburini na bado mbwa wanampokea getini? Hilo halikuwemo katika masomo ya chuo cha mifugo.

Mbalizi nzima ilimwita Dokta. Kwa kweli alikuwa bwana mifugo tu, mtoto wa wafugaji wa Usangu waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani kabla yeye hajazaliwa. Nyuma ya nyumba aliyopanga alikuwa na uwanja wa wanyama walioachwa na wenyewe. Mwalimu kapata uhamisho, kamfungia paka jikoni. Familia imehamia Dodoma, mbwa kabaki na mnyororo shingoni kwenye geti la nyumba tupu. Bujiku aliwachukua, akawatibu, akawachanja, akaweka picha zao kwenye status na kuwatafutia watu wa kuwalea. Majirani walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kumletea.

Kwa kila aliyekuja kuchukua mnyama alikuwa na sharti moja: hakuna gunia. Watu wakitaka kumpeleka mbwa au paka mbali humtia kwenye gunia na kulifunga mdomo, asiione njia, asije akarudi. Bujiku alisema mambo ni kinyume.

"Uliyemfunika ndiye anayerudi," aliwaambia. "Anaamka mahali hapajui, hajui amefikaje, basi maisha yake yote ni kutafuta alikotoka. Mwache aione njia. Ajue kwamba amehama."

Karani mwenyewe alikuja kwa gunia. Bujiku alilikuta kando ya barabara kuu, jirani na wauza viazi, linajinyonganyonga, na watu wamelizunguka hakuna anayethubutu kulifungua. Ndani yake alikuwemo mbwa wa kahawia, mtu mzima, aliyenyooka akatazama upande wa Mbeya na kukataa kula.

Kisha akaja Naima. Yeye hakufuata mbwa. Panya walikuwa wanamtafunia mama yake vitenge dukani, kule Soweto, Mbeya mjini, na mtu akamwambia kuna Msukuma Mbalizi anagawa paka. Aliingia ameshika pindo la baibui, anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Karani akatoka chini ya banda, akamwendea moja kwa moja, akalaza kidevu juu ya kiatu chake.

Naima alitaja jina la mbwa, kisha akakaa chini vumbini, yeye na baibui lake.

"Ni mbwa wa marehemu mume wangu," alimwambia mwenyeji wake aliyemletea maji. "Huyu anakaa Iringa. Huyu hakai huku."

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Na Bujiku, aliyekuwa ameona jinsi mgeni wake alivyohangaika na mate ya mbwa kwenye nguo, hakuuliza kitu. Jumamosi iliyofuata Naima alikuta getini ndoo ya maji, kata, na kopo la maziwa ya unga limejaa udongo safi uliochekechwa. Bujiku alikuwa amekwenda msikitini kumuuliza ustadhi, akaelezwa kwamba palipoguswa na mate ya mbwa panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Naima alinawa pale getini machozi yakimlengalenga. Wapo wanawake wanaoletewa maua. Yeye aliletewa udongo, na hakuna zawadi iliyowahi kumwingia moyoni vile.

Lakini leo Bujiku alimwachia paka, akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Naima, nimempatia Karani mtu."

"Mtu gani?"

"Mzee Joachim, wa Mgololo. Alikuwa kiwanda cha karatasi, sasa amestaafu. Mkewe amefariki. Anataka mbwa mtulivu wa kukaa naye barazani."

"Hapana."

"Hata hujanisikiliza."

"Nimesema hapana, Bujiku."

Hakumwita Dokta. Jina lake alilitaja pale tu alipokasirika au alipojisahau kwa mapenzi, na hapa hakuwa amejisahau.

"Mwangalie mbavu," Bujiku alisema. "Hali chakula. Anaishi kwa kusubiri jioni. Jioni ikipita anasubiri jioni nyingine. Huyu hapa kwangu anakufa pole pole, na mimi natazama. Na wewe vilevile."

"Mimi vilevile nini?"

"Unakuja kumtazama anavyomwona. Mimi mjinga nilidhani unakuja kwangu."

"Nakuja kwako pia."

"Pia," alirudia Bujiku. "Kabla ya mfungo nilikuuliza kama nije nipose. Mfungo umeisha, sikukuu imeisha, mpaka leo hujanijibu. Kama ni hapana niambie, Naima. Nitaumia, lakini nitajua."

"Si hapana."

"Basi ni nini?"

Naima aligeuka. Mkia wa Karani ulikuwa umetulia. Mbwa alikuwa amelala pale pale katikati ya uwanja, macho getini.

"Nikikwambia ndiyo, magharibi marehemu naye anakuja. Utakaa na mke ambaye kila magharibi anageuka kutazama mlango? Mimi Junaid sijamzika. Aligongwa na lori asubuhi, alasiri wakamzika. Wanawake hatuendi kuzika, hilo najua, silalamiki. Nikakaa eda chumbani. Eda ilipokwisha tu, nikaamshwa alfajiri, haya, twende Mbeya. Kaburi lake sijui liko wapi. Na mtu usiyejua kalala wapi, yuko kila mahali. Yuko nyuma ya mlango. Yuko dukani nikigeuka. Nikimimina chai namimina vikombe viwili. Karani ndiye pekee anayejua alipo. Ukimpeleka Mgololo, mimi nitamtafuta na nani?"

Bujiku alitamani kumshika mkono, na hakumshika. "Hukuomba uonyeshwe?"

"Niliomba. Mama akasema makaburi hayana faida kwangu, nimwombee dua."

Ndipo bajaji ikasimama nje ya geti.

Bi Amna, mama yake Naima, hakuingia. Alisimama upande wa barabara, ameshika nguo zake mbali na uzio kana kwamba uzio wenyewe ulikuwa na mate.

"Naima. Toka humo twende."

"Shikamoo mama," alisema Bujiku.

"Marahaba." Malezi yake hayakumruhusu kuacha salamu hewani, hata ya mtu asiyemtaka. "Kijana, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini binti yangu ni mjane wa watu. Kila Jumamosi anarudi ananuka mbwa, mtaa mzima wa Soweto unajua anatoka wapi. Na wewe si Muislamu."

"Najifunza, mama."

"Kwa sababu ya mwanamke."

"Nilikwenda msikitini kuulizia udongo," alisema Bujiku, bila ubishi. "Nikabaki kwa sababu ya mengine niliyoyasikia."

Bi Amna hakuwa anamtazama Bujiku tena. Alikuwa anamtazama Karani, aliyesimama, nywele za mgongo zimemsimama, akirudi kinyumenyume hadi chini ya banda.

"Huyu mbwa," alisema Bi Amna, na sauti haikuwa yake. "Huyu amefikaje hapa?"

"Unamjua, mama?" Naima aliuliza. "Mbona amekuogopa hivyo?"

Mwenye bajaji akazima injini, maana aliona safari bado.

"Mama. Nani alimtia kwenye gunia?"

"Shemeji yako Farhan. Alikuwa anapeleka mzigo Tunduma. Mimi ndiye niliyemwambia. Mbwa alikuwa anakaa mlangoni mwa stoo, kila magharibi anatoa ile sauti ya kumpokea bwana wake. Watu wakasema anamwona marehemu. Wateja wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Na wewe uko ndani na eda yako, ukimsikia unanyanyuka unafungua dirisha. Kila magharibi. Nikaona mwanangu anakwenda. Nikasema atupwe mbali asikojua njia."

Naima alikuwa amekishika kiguzo cha geti kwa mikono miwili.

"Mama, samahani," alisema Bujiku taratibu. "Nina swali moja. Siku mliyotoka Iringa, Naima aliiona njia?"

Lilikuwa swali la bwana mifugo, swali alilomuuliza kila aliyemletea mnyama. Hakujua litafika wapi. Lakini Naima aligeuka, macho yamemtoka, na alipoongea aliongea kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Ulinilaza kwenye mapaja yako. Ukanifunika khanga usoni. Ukasema nilale, nimechoka. Kila nikitaka kuitoa unairudisha."

"Naima..."

"Uliitoa Makambako."

"Barabara inapita makaburini," alisema Bi Amna. Alikuwa ameanza kulia bila kelele, kilio cha mtu mzima asiyetaka kuonekana na dereva wa bajaji. "Nilijua ukiyaona utataka tushuke. Na ukishuka hupandi tena. Mwanangu, baba yako alipokufa mimi nilikwenda kaburini kwake kila siku. Kila siku ya Mungu. Nikasahau kukupikia. Nikasahau kukuogesha. Mama yako mdogo ndiye aliyekulea mwaka ule, wewe ulikuwa mdogo hukumbuki. Nikaapa wewe halitakukuta."

"Mlinitia kwenye gunia, mama," alisema Naima. "Mimi na Karani."

Bi Amna alikaa kwenye kiti cha bajaji, miguu nje, akajifunika uso kwa ncha ya ushungi. Bujiku alikohoa kidogo.

"Nina pikapu," alisema. "Kesho tukitoka alfajiri, alasiri tuko Iringa."

Alijua anachokitoa. Alikuwa anamchukua mwanamke anayempenda na kumpeleka kwa mume wake. Mama mtu alikuwa amekwisha kusema: akishuka hapandi tena. Lakini asingeweza kuwaambia watu wasifunike paka, halafu yeye amwache huyu na khanga usoni kwa kuwa hivyo ndivyo inavyomfaa.

"Peke yenu?" alisema Bi Amna kutoka ndani ya ushungi. "Hamna adabu. Nakwenda na mimi. Tutalala kwa wifi yangu Mlandege, pale pale Iringa."

Na kiti cha mbele akakichukua yeye.

Alikaa wima tangu Mbalizi, tasbihi mkononi, katikati ya Bujiku na dunia. Naima alikuwa kiti cha nyuma. Karani alikuwa nyuma kabisa, kwenye bodi, amefungwa kamba tu, pua juu, upepo unamlaza masikio. Uyole ikapita, Igawa ikapita, na hakuna aliyezungumza zaidi ya kupokezana chupa ya chai. Walipoiacha Makambako, Naima alisogea dirishani. Kuanzia hapo ilikuwa njia aliyopita amefunikwa. Alitazama kila kitu: mashamba ya misonobari ya Mafinga, magogo kwenye malori, akina mama na beseni za viazi kando ya lami. Kwenye njia ya kuchepukia Mgololo, Bujiku alipunguza mwendo kidogo, kisha akaongeza, bila neno.

Walipopanda kilima kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini, Naima alishusha kioo cha dirisha.

Makaburi yalikuwa kandokando ya barabara kabisa. Gari zima lingeweza kuyaona. Bi Amna alishuka kwanza, akampa binti yake mkono, na bila kuuliza mtu akapita katikati ya makaburi mpaka kwenye moja lililozungushiwa matofali, chini ya mti wa mjakaranda.

"Unalijua?" Naima aliuliza.

"Nilikuja mwaka jana. Nilimwomba radhi."

Kulikuwa na kibao cha mbao, jina lake na la baba yake, rangi imeanza kupauka. Naima alitoa salamu kama anavyosalimiwa kila aliyelala mahali kama pale. Kisha alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo, na kuanza kuongea.

"Ndiyo hapa kumbe," alisema. "Junaid, ndiyo hapa. Mimi nakutafuta nyuma ya milango, kumbe uko hapa."

Akalia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho kilikuwa kimefungiwa tangu siku ile ya khanga, na mama yake hakumwambia anyamaze. Alimshika tu begani.

Nje ya uzio, Bujiku alisimama na kamba ya mbwa mkononi, kwa maana mbwa haingii mahali pale. Hakuweza kusikia maneno. Aliona mgongo wa Naima unavyotikisika, kisha unavyotulia, kisha unavyokaa kimya muda mrefu bila kunyanyuka. Jua likazidi kushuka. Alijiambia akikaa mpaka giza atamngoja. Alijiambia pia kwamba kama ni kubaki, atamwachia mbwa, arudi Mbalizi peke yake, na ndoo aiondoe getini kabla jirani hajauliza. Moyo ulimuuma kweli kweli, na hakuona sababu ya kujidanganya.

Karani akanyanyuka.

Masikio yakasimama. Alitazama lango la makaburi, akavuta kamba, na mkia ukaanza kucheza. Bujiku hakutazama alikotazama mbwa. Jumamosi zote zile alikuwa ametazama na kukuta hewa tupu, na leo, mahali hapa, saa hii, hakuwa na nguvu ya kuiona tena. Alitazama chini, kwenye viatu vyake.

Halafu akasikia hatua.

Naima alikuwa amesimama mbele yake, macho mekundu, viganja vina udongo. Karani alilaza kidevu juu ya kiatu chake na kushusha pumzi ndefu.

"Yule mzee wa Mgololo," alisema Naima.

"Ndiyo. Tunaweza kupita kwake kesho tukirudi. Ukiridhia."

"Mtafutie mwingine. Huyu ana kwake." Akajipangusa mikono, pole pole, kidole kimoja kimoja. "Na lile kopo la udongo usiliondoe pale getini, Bujiku. Nitalihitaji kila siku."

Bujiku, mtu anayejua ugonjwa wa ng'ombe kwa kumwangalia macho, alihitaji muda kuelewa. Alipoelewa, alibaki kuizungusha ile kamba mkononi.

Karani aliinua kichwa. Alitazama nyuma ya Naima, kule ndani, kwenye mjakaranda, na mkia ukacheza mara moja, mara ya pili. Bi Amna alikuwa amekwisha kutoka. Mule ndani hapakuwa na mtu aliyebaki. Ngozi ya Naima ilisisimka kama siku zote, mpaka kwenye kisogo, lakini hakugeuka.

"Mwache amuage," alisema.

Walingoja. Mbwa alipomaliza, aliruka mwenyewe kwenye bodi ya pikapu bila kubebwa. Bujiku akazunguka kumfungulia Bi Amna mlango wa mbele. Alikuta mama wa watu ameshafungua mlango wa nyuma, ameshaingia, anajipangia khanga magotini.

"Mama, kiti chako ni hiki," alisema Naima.

"Kaa wewe mbele," alisema Bi Amna, macho kwenye tasbihi yake. "Uone njia."